Ramadhani 17: Bi Maryam chini ya mtende

Ndugu zangu wa Tangini,

Kuna kijana anatoka zamu ya usiku kiwandani, kibarua wa kutwa, kesho hajui kama ataitwa. Kuna dada wa kazi anaamka wa kwanza kupika daku, analala wa mwisho, na hana wa kumwambia kwamba amechoka. Siku akisema "bora nife", tunamrukia: imani yako ndogo! Wengine hatukawii kusema ana jini.

Hebu fungua Suratu Maryam, kuanzia aya ya 23. Uchungu umembana, yuko peke yake, watu wanamsubiri na maneno yao, mpaka anatamani angekuwa amekufa zamani. Ni Bi Maryam huyo, aliyeteuliwa na Allah! Je, alikemewa? Wallahi hapana. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende, ale, anywe, atulie. Hata kuongea na watu akaruhusiwa asiongee.

Sasa jioni hii unafuturu kwa tende hizo hizo. Mwite yule kijana mfuturu pamoja. Usimhubirie, msikilize tu. Ukiona hali ni nzito usimwache peke yake, mpeleke Tumbi, kaa naye kwenye foleni mpaka aonane na daktari. Na anayetumia dawa asiziache kwa ajili ya funga. Mgonjwa ana ruhusa yake, Al-Baqara 184.

Na wewe mwenye dada wa kazi nyumbani, leo vyombo vya futari anaosha nani?

Wabillahi tawfiq.