Kuvua na Kuachilia

Katika lugha yetu, mtu akisema amevua samaki, msikilizaji hutazama kikapu. Kitenzi hicho huchukulia kwamba kiumbe ametolewa majini na hatarudi. Tumwiteje basi mtu aliyeshinda mtoni kutwa, akanasa trauti kumi, akawarudisha wote wakiwa hai, kisha akaenda zake nyumbani kwa furaha? Swali hili si la msamiati peke yake.

Watu wa namna hiyo ni wengi kwenye mto Au Sable, katika jimbo la Michigan, Marekani. Chambo chao ni nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Katika sehemu mashuhuri ya mto huo uvuvi huruhusiwa mwaka mzima, na kila trauti sharti arudishwe. Hoja yao ina uzito. Wavuvi ni wengi, mto ni mmoja; kila mtu akijitwalia kitoweo, hautabaki na kitu. Wao wenyewe walikwisha onywa: samaki wa asili wa mto ule, greilingi, alitoweka Michigan kufikia miaka ya 1930, baada ya ukataji wa misitu na uvuvi usio na kiasi. Na mwaka 1959, kando ya mto huo huo, wavuvi walikiasisi chama cha Trout Unlimited ili kuitetea mito ya maji baridi.

Hata hivyo, hoja hiyo hupata mtihani wake majira ya majani kupukutika (vuli yetu sisi ni mvua, kwa hiyo neno hilo halitoshi hapa). Mwezi wa Oktoba maji hupoa na kung'aa, wadudu hupungua, majani ya manjano huelea na kunaswa na ndoana. Kwa samaki anayerudishwa, hali hii ni salama kuliko kiangazi. Maji yakipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi, trauti aliyechoshwa na mshipi aweza kufa hata akiachiliwa kwa upole. Lakini ndiyo majira ya kutaga. Jike hulala ubavu, akaipiga changarawe kwa mkia hadi ifanye shimo, akataga, akafukia. Mahali hapo huonekana peupe kuliko pengine, penye maji machache, na samaki hawapahami upesi. Kuwanasa ni rahisi mno. Mvuvi akimwachilia jike huyo, sheria haikuvunjwa, na samaki huenda akaishi. Ila utagaji umekatizwa, na viatu vyake pengine vimeyaponda mayai ambayo yangelala chini ya changarawe majira yote ya baridi.

Huruma ya kuachilia, basi, huhesabu kile tu kilichoshikwa mkononi. Uswisi tangu 2009 imekataza kabisa kuvua kwa nia ya kuachilia. Mimi sifiki huko, ingawa nakiri kwamba anayeua mmoja akamla ana udhuru ulio wazi kuliko anayetesa kumi kwa starehe. Mto wenye walaji watupu nao hauna maisha marefu.

Wako wavuvi ambao, wakiliona doa lile jeupe, hutoka majini, wakapita ukingoni na kwenda kutupa ndoana mbali, kwenye kina. Wengine hukunja mshipi wakakaa kutazama. Siku hiyo hawakuvua wala hawakuachilia, na hakuna askari aliyewalazimisha.