Nani Atangulie?

Sheria ya kisimani yajulikana na wote: aliyefika kwanza huteka kwanza. Ni sheria njema, maana humlinda mnyonge asisukumwe na mwenye nguvu. Lakini mwanafunzi wa uuguzi apelekwapo kujifunza kazi katika idara ya dharura, hana budi kuiweka kando sheria hiyo tangu siku ya kwanza. Mzee aliyefika alfajiri na mguu uliovimba aambiwa angoje. Kijana aliyeletwa sasa hivi juu ya machela aingizwa mara moja. Jamaa za mzee wanung'unika, na manung'uniko yote yamwangukia binti yule mwenye madaraka madogo kuliko wote. Je, mzee amedhulumiwa?

Yatupasa kulijibu swali hili, maana yeyote katika sisi aweza kufika mlangoni pale kesho.

Desturi ya kuwapanga wagonjwa kwa kadiri ya hatari si ya jana. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, alitaka waliojeruhiwa vibaya watibiwe kwanza, bila kutazama cheo. Siku hizi hospitali nyingi hutumia rangi. Katika mpango uliotungwa Afrika ya Kusini, wa rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa machungwa katika dakika 10, wa manjano katika saa 1, wa kijani katika saa 4. Wala rangi haitolewi kwa kubahatisha: mwuguzi huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, hupima joto na msukumo wa damu, hutazama kama mgonjwa ana fahamu. Kwetu idara za namna hii bado ni changa. Ile ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Si ajabu basi kwamba wengi hawajazizoea taratibu zake.

Mtu asiyejua hudhani kwamba apigaye kelele zaidi ndiye mgonjwa zaidi. Mwanafunzi hufundishwa vingine. Mtoto aliaye kwa nguvu, angalau apumua. Aliyenyamaza, aliyelegea begani mwa mama yake, ndiye wa kukimbiliwa. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Liko jaribu lililo gumu zaidi. Usiku waletwa wawili wa ajali moja: dereva anukaye pombe, na mwenda kwa miguu aliyegongwa naye. Ikiwa dereva ndiye aliye karibu zaidi na kufa, atangulie yeye? Moyo wakataa. Lakini mwuguzi hakuwekwa pale awe hakimu. Mahakama itapima kosa kwa wakati wake, kwa mashahidi na kwa utulivu. Tena, tukikubali leo mlevi aachwe kwa sababu ya kosa lake, kesho ataachwa maskini, na kesho kutwa mtu wa kabila jingine, na kila mara itapatikana sababu ionekanayo njema. Yule Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi habari za mwenendo wake kabla ya kumfunga majeraha.

Basi twajibu kwamba mzee hakudhulumiwa. Mahali ambapo uhai wenyewe wapungua kwa dakika, haki hupimwa kwa haja ya mtu. Hata hivyo mzee anayo madai yake. Astahili kuelezwa kwa heshima kwa nini angoja, na kutazamwa tena na tena, maana wa manjano aweza kugeuka mwekundu akiwa amekaa pale pale kwenye benchi. Mwanafunzi amwambiaye, "Shikamoo babu, sijakusahau," ametimiza sehemu kubwa ya kazi yake.

Nasi tulio nje ya mlango tunao wajibu wetu. Wako wampigiao simu mkubwa fulani ili ndugu yao apitishwe. Wako watiao noti katika kiganja cha mwuguzi. Huona kwamba wanatimiza upendo wa jamaa. Na wafikiri vema: aombaye wake apitishwe pasipo haki, aomba pia mtoto wa mwenziwe aachwe. Kama angemwona mtoto yule amelegea begani mwa mama yake, je, angethubutu kuomba?