Wa Nne Hupewa Taulo

Wa kwanza hupewa dhahabu, wa pili fedha, wa tatu shaba. Wa nne hupewa taulo ajifute jasho, aondoke.

Tarehe 4 Agosti 2012, kwenye mbio za makasia za Olimpiki, katika ziwa la Dorney, nje kidogo ya London, aliyepewa taulo alikuwa Jérémie Azou, Mfaransa wa miaka 23, mzaliwa wa Avignon, mji ulio kando ya mto Rhône. Mwenzake katika mashua alikuwa Stany Delayre. Fainali yao ilianza mara mbili: mbio zilipoanza tu, kiti kikaharibika katika mashua ya Waingereza, waamuzi wakasimamisha, wote wakarudi mstarini kuanza upya. Denmark ikatwaa dhahabu, Uingereza fedha, New Zealand shaba. Wafaransa wakafika nyuma yao.

Wewe uliyeitwa kwenye usaili, ukasifiwa, halafu kazi akapewa mwingine, unaijua nafasi hiyo. Afadhali hata kushika mkia, maana wa mwisho hana cha kujiuliza. Wa nne hulala akihesabu: lile kasia moja nililolivuta kizembe, lilikuwa lipi?

Azou alirudi majini, na huko majini hakukuwa na starehe. Alishindana katika daraja la uzito mwepesi, ambapo wawili wa mashua moja hawaruhusiwi kuzidi wastani wa kilo 70, wala mmoja wao kupita kilo 72.5. Siku ya mbio unapimwa kwanza, ndipo unashuka kwenye maji. Yaani mtu anatakiwa awe na nguvu za ng'ombe wa jembe na mlo wa shomoro. Kisha anavuta makasia mawili kwa mita 2,000, mapafu yakiwaka moto, na mstari wa kumalizia hauoni, kwa sababu uko mgongoni mwake. Mvuvi wa mtumbwi hupiga kafi akitazama aendako. Mwenye makasia huketi kinyume, akaona tu alikotoka na wale aliowaacha. Hebu jiulize ni mara ngapi umeacha jambo kwa kisingizio kwamba mwisho wake huuoni!

Mwaka 2015, kwenye ziwa la Aiguebelette, nyumbani Ufaransa, Azou na Delayre wakawa mabingwa wa dunia. Olimpiki ya Rio ilikuwa inanukia. Halafu Delayre akaumia. Kiti chake akakikalia Pierre Houin, kijana wa miaka 22, miezi michache tu kabla ya Olimpiki.

Hapa sitakudanganya, ingawa makala za namna hii hupenda kudanganya. Jasho halilipi kila mtu, wala halilipi kwa haki. Delayre alimeza uchungu wa London sawasawa na Azou, akavuta makasia miaka ileile, na siku ya Rio hakuwamo kwenye mashua. Anayekuahidi kwamba ukijituma utapata tu, muulize habari za Delayre. Ninachoweza kukuambia ni kidogo zaidi, lakini ni kweli: ubingwa wa Aiguebelette waliupata wote wawili kwa sababu hakuna kati yao aliyesusa baada ya London. Nafasi ya Houin nayo ilimkuta yuko tayari. Kiti kikibaki wazi, hakimsubiri mtu aanze mazoezi.

Upepo ulivuruga ratiba ya Rio, na fainali ikafanyika tarehe 12 Agosti 2016 katika ziwa la Rodrigo de Freitas. Wafaransa wakatangulia. Mwishoni wakaja Waireland, ndugu wawili, Gary na Paul O'Donovan, kwa kasi ya kutisha, na Wanorwe nao hawako mbali. Azou na Houin wakavuka kwa dakika 6 na sekunde 30.70. Ndugu wale wakafika kwa 6:31.23. Miaka minne ya alfajiri za baridi, na tofauti ni nusu ya sekunde! Hata kope hazijapepesa vizuri.

Na wa nne siku hiyo walikuwa nani? James Thompson na John Smith wa Afrika Kusini, watu waliotoka London na dhahabu ya mashua ya wanne, daraja hilohilo la uzito mwepesi. Kile kiti cha taulo, basi, hakina mwenyewe. Ukikikalia leo, usikipambe wala kukiandika jina lako.

Mwaka 2017 Azou na Houin wakatwaa ubingwa wa dunia kule Sarasota, Marekani, kisha Azou akatundika makasia. Olimpiki ya Paris 2024 ikawa ya mwisho kwa daraja lao. Los Angeles 2028 halimo. Baada ya London, angejipa miaka kadhaa ya kununa kwanza, angerudi akute mlango umeanza kufungwa.

Kesho kabla ya adhana ya alfajiri, kuna mtu wa fani yako atakuwa ameshaamka. Wewe umetega kengele ya saa ngapi?