Binti Sultani na Paa Mgonjwa

Vijana wa Magoma, Korogwe, wanaopenda ngano za mahaba yenye staha na imani ya Kikristo hawana haja ya kusubiri za Ulaya. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwanglikana aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha jijini London ngano alizosimuliwa na Wazanzibari. Mojawapo inaitwa "Sultan Darai".

Maskini anayechakura jaani ananunua paa. Paa anamposea bwana wake binti sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba, anampatia bwana huyo jumba la fahari. Kisha paa anaugua, na bwana yule anaagiza apewe uji wa mtama tu. Mke, yule binti sultani, ndiye anayelia, anayemsihi mumewe, anayempelekea mgonjwa maziwa, mchele na mto wa kulalia.

Huyu mwanamke anastahili kitabu kizima! Mwandishi Mkristo akimshika vizuri, msomaji wa miaka 14 ataona kinachofaa kupendwa kwa mchumba kuliko sura na mali.

Katika ngano ya zamani paa anakufa, ndoa inavunjika na mume anajikuta tena jaani. Anayeisimulia upya anaweza kumpa mume huyo nafasi ya kutubu mapema, paa akiwa bado hai.