Enyi Watu wa Bagamoyo, Watazameni Watu wa Ibo

Ndugu zangu Waislamu, nanyi majirani zetu Wakristo, geuzeni nyuso zenu kusini. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mbele ya pwani ya Cabo Delgado, viko visiwa vya Quirimba: Ibo, Matemo, Vamizi na vidogo vingine. Wenyeji wake ni Wamwani, wavuvi, wengi wao watu wa kibla kimoja nasi. Wallahi, watu hawa wametutangulia katika wema, na sisi tumekaa tu tukijisifu kwa ukarimu wa pwani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, kati ya Frelimo na Renamo, vilianza mwaka 1977 na havikukoma mpaka wahusika walipotia saini huko Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Bara kulipoungua, watu walikimbilia baharini. Kisiwa cha Msumbiji, chenye urefu wa kilomita 3 tu na upana wa nusu kilomita, kilijaa wakimbizi, nyumba za makuti zikabanana pasipo nafasi ya kupita. Wasio na kitu waliwasogelea wasio na kitu, wakalala pamoja.

Kisha moto ukarudi. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji wa pwani ya Cabo Delgado, ilivamiwa na watu wanaodai kuipigania dini. Dini ipi, enyi waumini? Ni dini ipi inayomchinja mvuvi aliyetoka kuswali alfajiri? Agosti 2020 waliuteka mji ule. Septemba wakavuka hadi Vamizi wakachoma nyumba. Ibo ilikuwa bado inauguza majeraha ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, mapaa yameng'oka, minazi imelala chini. Hata hivyo ikawapokea waliokimbia. Oktoba 2020 vyombo vya matanga vilishusha maelfu ya watu katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba ya Msumbiji. Kina mama walishukia majini, mtoto mgongoni, furushi kichwani, maji yakiwafika kiunoni. Mwisho wa mwezi huo chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo, makumi wakafa maji. Waombeeni rehema.

Asiniambie mtu kwamba hayo ni ya Wamsumbiji. Kibiti si Msumbiji. Ni mkoa wetu huu wa Pwani, na Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa huko. Kitaya si Msumbiji. Iko Mtwara, na Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakaichoma. Vijana wa nchi hii wamevushwa kwenda kushika bunduki kule. Baba, mwanao yuko wapi usiku huu? Anayemfundisha unamjua, au umeridhika kwa kuwa amefuga ndevu na ameacha kuvuta bangi? Muulize. Keti naye. Usiogope kuonekana mshamba mbele ya mtoto uliyemzaa.

Na liko jambo linaloniumiza zaidi. Mwaka 2021, baada ya mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, kuvamiwa tarehe 24 Machi, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema maelfu ya waliovuka kuja kwetu walirudishwa kupitia mpaka wa Negomano. Walirudishwa kutoka Tanzania! Nchi ambayo Frelimo ilizaliwa ndani yake, Dar es Salaam, mwaka 1962! Hapa hapa Bagamoyo walikuwa na shule yao ya sekondari. Wazee wetu waliwauzia samaki wanafunzi wale, wakawaita wanetu. Tena nyuma zaidi, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889 vilipoufikia mji huu, mapadri wa misheni, iliyoanzishwa hapa mwaka 1868, waliwapa hifadhi maelfu ya watu. Mimi ni Mwislamu na nasema hivi bila kung'ata maneno: walitenda haki, na Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa mtenda haki.

Basi tusingoje amri. Viongozi wetu tuwaambie, kwa adabu lakini kwa sauti, kwamba mwenye kukimbia kuchinjwa harudishwi mtoni. Kamati za misikiti na makanisa zifungue daftari moja: nani ana chumba, nani ana gunia la mchele, nani ana nafasi ya mtoto mmoja kwenye mkeka wa madrasa yake. Mwenye mashua awe wa kwanza kuandika jina lake.