Mzazi, Usimfungie Chumbani

Huanza kupotea simu ya dada mtu, kisha redio, kisha mtungi wa gesi. Jirani anajua, muuza genge anajua. Nyumbani mnasema mtaa umeingiliwa na wezi. Siku mnayokiri kwamba mwizi ni kijana wenu, inatafutwa kufuli. Afungiwe chumbani, au apelekwe shamba kwa babu yake, mpaka arosto, mateso ya kukosa dawa za kulevya, iishe.

Uchungu wenu naujua, ila kufuli hilo linaweza kumuua. Mwili wa teja wa heroini umezoea kiasi chake. Akikaa wiki kadhaa bila kugusa, mwili husahau mazoea, kiu haisahau. Akitoka akarudia kete zile zile za zamani, pumzi inakata. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka jela au kifungoni nyumbani ni za hatari sana, na ndizo siku ambazo familia imeshaanza kushukuru Mungu.

Mpeleke kliniki. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa mateja wa heroini methadoni mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Ni dawa ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu, bila malipo, na si ya wiki mbili. Wapo wanaonung'unika kwamba huko ni kuacha ulevi huu na kushika mwingine. Mimi namtazama mtu: anaamka, anaoga, anakwenda kibaruani, mtungi wa gesi uko mahali pake.

Kokeini ina habari yake. Methadoni haiitibu, wala hakuna kidonge kilichothibitishwa kuivunja. Kazi kubwa ni ya ushauri nasaha, na huchukua muda. Wengi wanaoinusa kwenye kumbi za starehe wamevaa shati la pasi na hawajihesabu kuwa mateja. Moyo hautazami shati. Kokeini hubana mishipa ya damu na kuyakimbiza mapigo, hata kijana wa miaka 30 akapata kiharusi au moyo ukasimama. Akiichanganya na pombe, ini lake hutengeneza sumu nyingine juu ya hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani muulize anatumia nini, tangu lini, anavuta au anajidunga, na anachanganya na nini. Daktari atauliza hayo hayo. Uliza bila kupiga kelele na bila shangazi wote kuwapo. Akikudanganya leo, muulize tena kesho.