Nasaba ya Mtoto ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limezuka suala katika nchi za Ulaya na Marekani, na khabari zake zimewafikia Waislamu wakaao huko. Mwanamke asiye na mume, au wanawake wawili wakaao nyumba moja, hupatana na mwanamume awape manii yake, kisha mwanamke akajitia mwenyewe nyumbani kwa bomba dogo, bila ya kuingiliwa, akapata mimba. Nao husema: hapana zina hapa, wala hapana aliyedhulumiwa, mtoto ametakwa, naye atapendwa. Je, neno hili ni sawa?

Kwanza yafaa kujulikana kwamba kitendo chenyewe si kigeni kwa wanavyuoni. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kwamba mke aliyeingiza manii ya mumewe humlazimu eda akiachwa, kama aliyeingiliwa. Na mafakihi wa Kishafii wamesharitisha, ili nasaba ithubutu, manii yawe yenye heshima, yaani yametoka kwa njia ya halali. Basi tangu zamani hukumu haikutazama chombo. Ilitazama maji ni ya nani na yametoka vipi. Kwa hiyo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wa Amman mwaka 1986, iliwaruhusu mume na mke kusaidiwa na tabibu kwa maji yao wenyewe ikiwapo haja, ikakataza kila njia aingiayo mtu wa tatu.

Ama kusema kwamba hapana aliyedhulumiwa, waliopatana ni wakubwa, mtoto hakuulizwa. Mapenzi ya mama hayakanushwi, na huenda akamlea mwanawe vyema kuliko wengi walioolewa. Walakini mapenzi humpa mtoto malezi, hayampi baba. Kwa nasaba hujulikana ni nani wa kumlisha, nani wa kumrithi, nani walii wake, na nani asiyemhalalikia kumuoa. Mwanamume mmoja akiwapa wanawake wengi, watoto wake hukutana mjini wasijuane, ndugu akaposa nduguye.

Hata sheria za huko zimeliona hilo. Uswidi ilimpa mtoto haki ya kumjua mwenye mbegu tangu mwaka 1985. Uingereza iliondoa usiri kwa watoaji wa kuanzia Aprili 2005, mtoto akitimia miaka 18 aweze kupewa jina. Na hospitali zenye idhini zimezuiwa kutumia mbegu za mtu mmoja kwa zaidi ya nyumba 10. Lakini ajitiaye nyumbani hana daftari hilo wala mpaka huo. Asili ya mtoto imebaki katika ndimi za watu wawili.

Na liko jambo ambalo watu hulisahau. Mtoto aliyekwisha zaliwa hana dhambi. Hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Yeye hunasibishwa kwa mamaye, nao hurithiana. Akija chuoni na asomeshwe kama wenziwe, asiitwe jina baya, wala asiulizwe baba mbele za watu. Amdharauye kwa kisa cha wazee wake ameongeza dhulma juu ya dhulma. Na mama yampasa amhifadhie khabari ya asili yake, na amwambie kweli.

Asiye na mume naye atamani mtoto, mlango haukufungwa: mayatima wapo, na ujira wa kumlea yatima ni mkubwa, amlee pasipo kumwondolea jina la babaye. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.